Bahasha Ishirini na Nne za Kaki

Wewe umewahi kuona dawati likisafiri? Sisemi dawati jipya linalotoka kwa seremala. Nasema dawati kuukuu, lenye tundu la wino na majina ya watoto ambao sasa ni wazazi, limefungwa kamba juu ya mkokoteni wa punda, miguu juu, linaenda zake kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Mimi nimeliona. Nimeyaona kumi na manne kwa mpigo, pale sokoni Otonglo, Jumanne moja ya mwezi wa Juni mwaka wa sabini na tano. Na aliyeyasafirisha alikuwa mume wangu mwenyewe, ambaye saa ile alikuwa nyumbani akinywa chai na hana habari.

Mume wangu Dishon Wepukhulu alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na alikuwa mwanafunzi. Alikuwa amefundisha, akawa hedimasta, kisha akaambiwa na wakubwa wa elimu kwamba akitaka kupewa wilaya nzima aiongoze, shule zote na walimu wote, lazima kwanza akasome digrii ya pili, ile ya uongozi wa elimu. Basi akaenda Nairobi mwaka mzima, mimi nikabaki Kisumu, Kaloleni, katika vyumba vyetu viwili, na watoto wanne na cherehani yangu. Nilikuwa nashona sare za shule. Sketi za bluu, kaptula za kaki, mashati meupe ambayo hayakai meupe hata siku mbili.

Aliporudi alikuja na kazi ya utafiti. Alitakiwa aandike kitabu kuhusu mahedimasta: wanaongozaje shule, wana shida gani, wanahitaji nini. Profesa wake alimpa mpaka tarehe mbili Agosti kupeleka majibu. Asipopeleka, nafasi yake inakwenda kwa mwingine, naye arudi darasani na chaki. Aliniambia hivyo siku ya kwanza tu, mkoba bado uko mkononi, na tangu siku hiyo kalenda iliyoning'inia juu ya cherehani nikawa naitazama kama saa.

Akatunga maswali hamsini. Akayapiga taipu kwenye stensili, akaenda kuyazungusha kwenye mashine ya kanisa mpaka vidole vikawa vyeusi. Shule ishirini na nne, kila moja karatasi sita. Tulizikunja mezani kwangu, mimi nikisukuma vitambaa upande mmoja. Hapo ndipo nilipoziona bahasha.

"Baba Simiyu," nikamwuliza, kwa jina la mtoto wetu, "hizi si bahasha za serikali?"

"Ni za serikali. Karani wa ofisini amenipa, rafiki yangu."

"Na barua ni ya serikali?"

"Barua ni yangu. Lakini ukimpelekea hedimasta bahasha nyeupe atadhani ni mwaliko wa harusi. Nataka waiheshimu."

Nilikuwa na neno, lakini mtu aliyesoma kiasi kile huwezi kumfundisha bahasha.

Sasa ngoja nikueleze jambo ambalo kila mwalimu wa kando ya ziwa wakati ule alilijua kama anavyolijua jina lake. Bahasha ya kaki ikifika shuleni, maana yake mkaguzi anakuja. Kwanza yanapakwa chokaa mawe ya njiani, kuanzia langoni hadi ofisini. Kisha sakafu inanyunyiziwa maji vumbi lilale. Jogoo mmoja anafungwa mguu nyuma ya jiko. Na kama shule haina madawati ya kutosha, hedimasta anatuma mkokoteni kwa jirani mwenye nayo, anaazima, mkaguzi anakuja, anahesabu, anakula, anatia sahihi kitabu cha wageni, anaondoka. Kesho yake madawati yanarudi kwao na pakiti ya sukari ya shukrani. Na uhitaji ulikuwepo, usifikiri walikuwa waongo kwa kupenda. Mwaka uliotangulia ada ya madarasa ya chini ilikuwa imeondolewa, na watoto wakamiminika. Darasa la watoto arobaini likawa na tisini. Madawati hayakuzaa.

Mpango huo wa kuazimana ulikwenda vizuri kwa sababu mkaguzi ni mmoja, na hawezi kuwa shule mbili kwa siku moja. Hakuna aliyewahi kufikiria itakuwaje bahasha ishirini na nne zikifika siku moja.

Jumanne hiyo nilikuwa Otonglo na rafiki yangu Waceke, aliyekuwa akiniuzia vitambaa. Watu wake walitoka Murang'a, yeye alikuwa na duka dogo mjini, na siku za soko alibeba marobota yake akatandaza chini. Tulikuwa tunapima mita tatu za dril, kitambaa kigumu cha kaptula, tuliposikia makelele barabarani.

Mkokoteni ulikuwa umesimama katikati ya njia na madawati yake kumi na manne. Pembeni ya punda alisimama Mwalimu Nicodemus Wakhisi, hedimasta wa Kandwaru, mtu mwembamba mwenye tai. Mbele ya punda, baiskeli imelazwa kuzuia njia, alisimama Mwalimu Elkana Obiero, hedimasta wa Wang'arot, mtu mzima, mnene, mwenyekiti wa mahedimasta wote wa upande ule. Sauti yake ilikuwa ya kuita watoto kutoka mtoni.

"Omera, ndugu yangu, haya madawati ni yangu!" alisema Obiero. "Tangu uhuru, kila ukaguzi, yanakuja kwangu kwanza."

"Mwenyekiti, leo nimewahi. Nimeamka saa kumi."

"Umeamka saa kumi kuiba?"

"Kuazima! Hata barua ya kuazima ninayo."

"Mimi bahasha yangu imefika jana!"

"Na yangu imefika jana!"

Wote wawili wakatazamana. Punda akapata nafasi ya kula majani ya kabichi ya mama mmoja, na mama naye akaanza kelele zake. Mara akaja hedimasta wa tatu, simjui jina, kamba begani, jasho linamtoka. Akauliza, "Samahani, madawati iko wapi?"

Soko zima likacheka. Waceke alicheka mpaka akaketi juu ya robota. Lakini mimi nilimsikia Obiero akisema, akifuta shingo kwa leso, "Na huyu mkaguzi si wa kawaida. Maswali hamsini! Anauliza mpaka vyoo vina milango mingapi."

Waceke akanitazama. "Selpha, mbona umekaa kama umemeza sindano?"

"Waceke," nikasema, "huyo mkaguzi yuko kwangu. Ana soksi moja imetoboka."

Wakhisi na Obiero waligawana madawati saba kwa saba. Wa tatu alipewa mabenchi ya hoteli ya chai, na mwenye hoteli akasema wateja wake watasimama mpaka Ijumaa.

Nilifika nyumbani saa ya chakula cha mchana. Nilimpakulia ugali na omena, nikamwacha ale kwanza, kwa maana habari mbaya haipiti vizuri kwenye tumbo tupu. Kisha nikamwambia yote, hata kabichi.

"Haiwezekani," akasema Dishon. "Nimeandika wazi, ukurasa wa kwanza: huu si ukaguzi, ni utafiti wa mwanafunzi."

"Umeandika kwa Kiingereza cha mistari ishirini. Wao wamesoma bahasha."

"Mama Simiyu, hawa ni walimu wakuu. Watu wazima. Watashindwa kusoma barua?"

"Wewe ulipokuwa hedimasta," nikamuuliza, "bahasha ya kaki ilipofika, ulianza na barua au ulianza na chokaa?"

Akaomba maji ya kunawa.

Wiki mbili baadaye majibu yakaanza kurudi. Yalirudi yote! Ishirini na nne kati ya ishirini na nne, yameandikwa kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, hayana doa. Dishon akanisahau mimi na punda wangu. Akapanga karatasi kitandani, akawa anaimba wimbo wa kanisani huku akizihesabu. Mimi nilikuwa nakata kaptula, nikamwambia anisomee.

"Shule ya Wang'arot. Madawati yanatosha? Yanatosha. Paa linavuja? Halivuji. Walimu ni wangapi? Wanatosha. Shida kubwa ya shule yako ni ipi?" Akasita. "Hakuna."

"Soma ya Kandwaru."

"Hakuna."

"Soma nyingine."

Alisoma kumi na moja. Kila moja hakuna, hakuna, hakuna, na mmoja aliyekuwa na adabu zaidi aliandika "Hakuna, tunashukuru serikali." Sauti yake ilikuwa ikipungua kila shule. Mwishowe akaketi ukingoni mwa kitanda, karatasi zikamteleza.

"Labda ni kweli," akasema, lakini kama mtu anayejibembeleza.

Basi nikainuka, nikaenda kwenye kikapu cha viraka. Nikamtolea kaptula tano za Wang'arot nilizoletewa na wazazi wiki ile, nikazitandaza juu ya karatasi zake.

"Tazama hapa. Kaptula ya mtoto anayekaa kwenye dawati inachakaa mfukoni na pindoni. Ya mtoto anayekaa chini inaisha matakoni. Tazama. Zote tano zimeisha matakoni, na bado hata muhula haujaisha. Mimi Wang'arot nawashonea kitambaa mara mbili nyuma, na hakuna aliyeniambia, nimejionea tu. Kandwaru pia. Hapa mjini sihitaji kufanya hivyo."

Akashika kaptula moja, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga ulipita.

"Na hii ya huyu?" akauliza, akiinua nyingine.

"Huyo anakaa chini mahali ambapo paa linavuja. Ona ukungu."

Alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akainamisha kichwa. "Siwezi kumwandikia profesa kuhusu matako ya kaptula. Anataka mahedimasta waseme wenyewe. Na zimebaki wiki tatu."

Alitaka kuandika barua nyingine. Nikamwambia hapana, bahasha imekwisha kutufanyia kazi ya kutosha. Twende kwa miguu. Mimi ningekwenda kupima watoto, hiyo ni kazi yangu na kila shule wananijua. Yeye angekuja nami, bila koti, bila tai, amwambie kila mtu ukweli kwamba ni mwanafunzi.

Tulianza na Kandwaru. Mwalimu Wakhisi alitukaribisha vizuri, wa kwetu huyo, akatuongelesha Kibukusu mpaka tukajisikia tuko nyumbani. Dishon alipomweleza, alisikiliza, akaangalia dari, na kutoka kwenye dari tone moja la maji likamdondokea begani, maana mvua ilikuwa imenyesha asubuhi.

"Ndugu yangu," akasema, akilipangusa tone kama hakuliona, "mwenyekiti Obiero amejibu nini?"

"Amesema hakuna shida."

"Basi na mimi sina. Mwenyekiti akisema, sote tutasema. Asiposema, mimi sina shida hata moja, hata hii mvua ikininyeshea nikiwa ofisini. Nikisema peke yangu, nitaonekana hedimasta asiyejua kazi."

Shule ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Ya tatu pia. Wote walituuliza sisi, Obiero amesemaje? Kwa hiyo tukajua kwamba kitabu chote cha Dishon, na digrii, na hiyo wilaya, vimekaa ndani ya mdomo wa mtu mmoja mnene wa Wang'arot.

Tulikwenda Alhamisi. Tulishuka basi Otonglo, tukatembea. Nilikuwa nimebeba tepu yangu ya kupimia na daftari; Dishon alibeba kikapu cha mashati. Mawe ya njiani bado yalikuwa meupe.

Watoto waliniona kwanza. "Mama Sare! Mama Sare!" Obiero akatoka ofisini akitabasamu, kisha akamwona aliye nyuma yangu, na tabasamu likasimama.

"Huyu si Wepukhulu? Aliyekuwa hedimasta kule mjini, wakasema anakwenda kuwa mkubwa wa elimu?"

"Ni mimi, Mwalimu. Oyawore."

Obiero alikuwa hajamaliza kusikia salamu. Aligeuka akamwambia mwalimu mmoja jambo kwa Kijaluo, haraka haraka, na yule mwalimu akakimbia nyuma ya jiko. Baada ya dakika moja tukaona jogoo akipita mbio na kamba yake mguuni, mwalimu nyuma yake, na wote wawili wakaingia darasa la tano kwa dirisha. Huko ndani ikawa sherehe.

"Shule yetu iko sawa kabisa," akasema Obiero kwa sauti ya kushinda ile sherehe. "Hakuna shida."

"Mwalimu, sikuja kukagua."

"Wote husema hivyo."

"Mwalimu, mimi ni mwanafunzi."

Obiero akamtazama kuanzia viatu mpaka mvi za kwanza zilizokuwa juu ya masikio. "Mwanafunzi? Na hicho kipara? Uko darasa la ngapi, baba?"

"Chuo kikuu, digrii ya pili. Zile karatasi za maswali ni zangu. Ndizo mtihani wangu. Nikirudi Nairobi na majibu yale uliyonipa, nitaanguka."

"Nani aanguke?"

"Mimi."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya hakuna zako thelathini na nane. Nimezihesabu."

Obiero akaketi kwenye ngazi ya ofisi. Nilimwona akibadilika usoni, na wala sikuelewa mara moja. Baadaye ndipo nilipofahamu. Ukimwambia mtu kama yule kwamba wewe ni mkubwa, atakupa jogoo. Ukimwambia wewe ni mwanafunzi na utaanguka mtihani, umemshika penyewe. Miaka ishirini na tisa kazi yake ilikuwa kuzuia watu wasianguke mitihani.

"Umezileta?" akauliza.

Dishon akazitoa ndani ya kikapu, chini ya mashati. Obiero akavaa miwani, akachomoa kalamu mfukoni. Wino mwekundu. Akaanza kusahihisha majibu yake mwenyewe.

"Madawati yanatosha. Kosa!" Akatia alama nyekundu ya mkasi. "Andika hivi: watoto mia nne na kumi na wawili, madawati ishirini na tisa, mawili kati ya hayo yanaumwa. Paa halivuji. Kosa! Linavuja darasa la pili na la nne, na ofisini kwangu juu ya kabati. Walimu wanatosha. Kosa, kosa kabisa! Nina walimu saba wa madarasa tisa. Mimi nafundisha la sita na la saba kwa pamoja, mlango wa kati uko wazi, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule."

"Na vyoo vina milango mingapi?" nikauliza mimi, maana nilishindwa kujizuia.

"Mama Sare, mlango mmoja. Tunauhamisha."

Tulicheka mpaka walimu wakatoka madarasani kutazama. Yule aliyemkimbiza jogoo alikuja na manyoya kwenye nywele na mikono mitupu, akaomba radhi kwamba chakula cha mgeni kimeruka uzio. Obiero akamwambia amwache, mgeni ni mwanafunzi, atakula uji kama wanafunzi wengine. Na kweli tulikula uji, katika vikombe vya bati, tukiwa tumekaa pale ngazini, huku kalamu nyekundu ikiendelea.

Ilipofika jibu la mwisho, Obiero alichana ukurasa wa daftari, akaandika mstari mmoja kwa mahedimasta wenzake wote: kwamba huyu Wepukhulu ni mwanafunzi wa kweli, wamsaidie asianguke, waseme. Akatia sahihi, akagonga muhuri wa shule. Dishon aliishika karatasi ile kwa mikono miwili. Nikafanya hesabu ya haraka kichwani: shule ishirini na tatu, siku kumi na tano za kazi. Tungefika tarehe mbili Agosti, na hata siku moja ya kupumzisha miguu ingebaki.

Nikaanza kukusanya tepu na mashati. Lakini Dishon hakusimama. Aliweka karatasi zote kikapuni, akaweka na kalamu yake, akakaa mikono mitupu.

"Mwalimu Obiero, hili si la kitabu. Shule umeniambia inataka nini. Wewe mwenyewe je? Ulitaka nini, miaka yote hii?"

Mimi nilijua atasema nyongeza ya mshahara, au kuhamishwa karibu na kwao, au nyumba ya mwalimu yenye sakafu ya saruji. Obiero alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Alisafisha koo kama anayetaka kuita watoto mtoni, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, nikalazimika kusogea ili nisikie.

"Nilitaka mkubwa mmoja wa elimu," akasema, "mmoja tu, aingie darasa langu la saba nikifundisha hesabu za sehemu. Asiniulize kitu. Akae nyuma kule na watoto mpaka kengele ilie. Halafu tukitoka nje aniambie, Obiero, wewe kufundisha unajua."